Shajara ya mradi: ramani ya ukutani ya mto Brahmaputra kwa Kiswahili

11 Januari 2025. Mto, mipaka na vifaa

Nimeanza kutengeneza ramani ya ukutani ya mto Brahmaputra, majina na maelezo yote kwa Kiswahili, kwa data za bure na programu ya bure. Kila hatua ikikamilika nitaiandika hapa, ili anayetaka kuifanya kazi hii kwa Indus, Ganges au Mekong aanzie nilipofika mimi.

Nimeuchagua mto huu kwa sababu atlasi ninazofundishia zinauchora kama uzi mmoja: unatoka Tibet, unakunja kona, unaingia baharini. Kumbe ni mto wenye majina kadhaa njiani. Tibet unaitwa Yarlung Tsangpo, ukiingia India kwenye jimbo la Arunachal Pradesh ni Siang, jimbo la Assam ndipo unapokuwa Brahmaputra, Bangladesh unakuwa Jamuna, na maji yake yanaingia Ghuba ya Bengal yakiwa Meghna. Mwanafunzi akikutana na majina hayo bila ramani moja inayoyaunganisha, anaona mito mitano.

Chimbuko ni barafuto ya Angsi, upande wa kaskazini wa Himalaya, magharibi mwa Tibet, si mbali na mlima Kailash. Indus, Sutlej na Karnali nayo inaanzia maeneo hayohayo. Indus unashika njia ya kaskazini-magharibi na kuishia Bahari ya Arabu, Tsangpo unaelekea mashariki nyuma ya Himalaya, halafu unaizunguka na kushuka upande wa pili. Natamani mtu asimame mbele ya ramani hii aione safari yote kwa mtazamo mmoja.

Mipaka ya ramani: longitudo 81 hadi 98 mashariki, latitudo 22 hadi 32 kaskazini. Skeli ni 1:1,500,000 kwenye karatasi ya A0, maana yake milimita moja ni kilomita moja na nusu. Hesabu hiyo iwekwe akilini, itarudi kusumbua. Vifaa: kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, programu ya QGIS ya kutengenezea ramani, diski ya nje ya mtumba (TSh 70,000) na bando la mwezi la intaneti (TSh 45,000).

26 Januari 2025. Data za kimo, na kompyuta iliyoelemewa

Msingi wa ramani ni data za kimo cha ardhi ziitwazo SRTM, zilizokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, Februari 2000. Zinapatikana katika vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Eneo letu lina vipande 170, kila kimoja karibu MB 26 kikifunguliwa. Kupakua na kuviunga hakuna la kueleza, maelekezo yamo ndani ya QGIS.

Kilichoshindikana ni kukokotoa mtiririko wa maji kwa data za mita 30, yaani kila pikseli (mraba mmoja wa data) ina upana wa mita 30 ardhini. Kompyuta huuliza kila pikseli: maji yakimwagika hapa yataelekea kwa jirani yupi kati ya wanane? Kisha hujumlisha pikseli ngapi zinamwaga maji kupitia kila sehemu. Eneo hili lote lina pikseli zaidi ya bilioni 2, na tabaka moja la majibu linataka karibu GB 9. RAM yangu ni GB 8. Programu ilikuwa inafunga yenyewe katikati ya kazi bila hata kutoa ujumbe, na kuigawa kazi vipandevipande hakukusaidia: mto unaoingia kutoka kipande cha jirani unahesabiwa kama kijito kilichozaliwa palepale.

Dawa ni kushuka hadi data za mita 90. Tabaka linakuwa chini ya GB 1 na kazi inaisha. Kwa skeli ya 1:1,500,000 jicho halioni tofauti. Data za mita 30 nimezihifadhi kwa ajili ya korongo kubwa peke yake.

Tahadhari kwa anayeiga: usipime urefu wala eneo wakati data ziko kwenye digrii. Kwenye latitudo 29 digrii moja ya longitudo ni karibu kilomita 97, ya latitudo karibu kilomita 111. Mto unaokwenda mashariki-magharibi kama Tsangpo utapata urefu wa uongo kabisa.

15 Februari 2025. Maziwa yasiyo na mlango

Mistari ya kwanza ya mito ilipotokea, sehemu za milimani zilipendeza. Tatizo lilijitokeza kwenye ziwa Yamdrok, kusini mwa Lhasa. Ziwa hili liko mita 4,441 juu ya usawa wa bahari, na Tsangpo unapita kaskazini yake, karibu sana lakini zaidi ya mita 800 chini. Halina njia ya kutokea, maji yake huondoka kwa mvuke. Ramani yangu hata hivyo ilionyesha mto mnene ukitoka ziwani na kuingia Tsangpo.

Chanzo ni hatua ya kawaida ambayo maelekezo yote huitaja: kabla ya kukokotoa mtiririko, unaiambia programu ijaze mashimo yote, kwa kuwa mashimo mengi kwenye data ni makosa ya rada. Programu haitofautishi shimo la makosa na ziwa la kweli. Inalijaza Yamdrok mpaka lifurike, kisha inatafuta mahali pa chini kwenye ukingo na kulimwagia Tsangpo. Upande wa kaskazini wa Tibet hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko maziwa yaliyofungwa ni mengi, Namtso likiwa mojawapo, na yote yalikuwa yanaongezwa kwenye bonde la Brahmaputra. Eneo la bonde lilikuwa linavimba bila haki.

Suluhisho: chora poligoni (maumbo ya mipaka) za maziwa yaliyofungwa, kisha weka katikati ya kila ziwa pikseli moja isiyo na thamani. Programu huichukua kama tundu la kutokea, maji yanaishia hapo, na mpaka wa bonde unarudi mahali pake. Fanya hivyo kabla ya kujaza mashimo mengine.

Yamdrok lina jambo la ziada. Tangu miaka ya 1990 kuna kituo cha umeme kinachoteremsha maji ya ziwa hilo kwa handaki hadi Tsangpo, kikitumia mteremko huohuo wa mita mia nane na ushei. Kwa hiyo kiungo kipo, ila kimechimbwa na watu. Nimekichora kwa nukta nyekundu, nacho kimeandikiwa maelezo yake.

9 Machi 2025. Korongo kubwa

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na sijutii hata kidogo.

Mwendo wa Tsangpo mashariki ni wa utulivu kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Ghafla unakutana na Namcha Barwa (mita 7,782) upande mmoja na Gyala Peri (mita 7,294) upande wa pili. Unapenya katikati yake kuelekea kaskazini-mashariki, unajikunja, na kushuka kusini. Pale Pe, mlangoni mwa korongo, maji yako kwenye kimo cha karibu mita 2,900. Pasighat, yanapotokea kwenye uwanda, yako mita 155.

Rada ya SRTM ilitazama chini kwa pembe. Kuta zikiwa wima namna hii, ukuta mmoja unaukinga mwingine na sakafu ya korongo haionekani. Sehemu hizo zimejazwa baadaye kwa makisio, na makisio yameweka vilima ndani ya mto. Kwenye mchoro wa kimo, mto ulikuwa unashuka, unapanda mita mia kadhaa, unashuka tena. Programu ikaona bwawa, ikajaza ziwa bandia nyuma yake, na juu ya ziwa hilo ikapiga mistari iliyonyooka kama ya rula. Kona ndogondogo zote za korongo zikafutika.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuchora mto kwa mkono juu ya picha za setilaiti ya Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10. Picha za Julai na Agosti hazifai, ni mawingu matupu. Za Desemba na Januari anga ni safi, lakini jua liko chini na kivuli cha ukuta wa kusini kinaifunika sakafu. Maji na kivuli vina rangi moja. Zilizofaa ni za mwishoni mwa Oktoba na Novemba mwanzoni, nazo pia si kila mahali.

Kilichokamilisha kazi ni vitu viwili pamoja. Kwanza, niliondoa SRTM ndani ya korongo nikaweka data za mita 30 za Copernicus, mpango wa setilaiti wa Ulaya, zilizopigwa kati ya 2010 na 2015 na setilaiti mbili za rada zinazoruka sambamba; sehemu zisizoonekana ni chache zaidi. Pili, mstari niliouchora kwa mkono niliugeuza kuwa mfereji: kila pikseli chini ya mstari nikaipunguzia mita 50. Programu ikakubali kupita humo. Kumbuka kutumia mfereji huo kwa hesabu ya mtiririko tu. Kimo cha kuchapishwa kitoke kwenye data ambazo hazijachongwa, la sivyo ramani itaonyesha mtaro ambao haupo duniani.

Jambo nililolipata njiani: kaskazini mwa kona kubwa, Yigong Tsangpo unaingia Parlung Tsangpo, na Parlung unaingia mto mkuu. Tarehe 9 Aprili 2000 mlima uliporomoka na kuuziba Yigong. Ziwa likajaa nyuma ya kifusi kwa miezi miwili, na tarehe 10 Juni kifusi kikapasuka. Mafuriko yalishuka korongoni hadi Arunachal na kuvunja madaraja ya Siang. SRTM ilipigwa Februari 2000, wiki chache kabla. Ukitoa kimo cha SRTM kwenye kimo cha Copernicus, bonde la Yigong linaonyesha doa la kifusi hata leo. Anayefanya kazi na SRTM aangalie daima nini kimetokea eneo lake baada ya Februari 2000.

Kwa kuwa kona hii kwenye skeli kuu ni ndogo mno, nimeiwekea kisanduku chake pembeni kwa skeli ya 1:400,000.

30 Machi 2025. Mito inayoingia Tsangpo huko Tibet, na Kinthup

Mito ya Tibet ilitoka vizuri baada ya marekebisho: Raka Tsangpo upande wa magharibi, Nyang Chu unaopita Gyantse na kuingia Shigatse, Kyi Chu unaotoka Lhasa, na Nyang wa Nyingchi. Kuna Nyang mbili, na data huria zinaziandika kwa tahajia zinazopishana hadi zikachanganyika kwenye jedwali langu. Nimezitenganisha kwa miji: Nyang wa Shigatse, Nyang wa Nyingchi. Njia hii haina uzuri wa kitaalamu lakini mwanafunzi hatapotea.

Kando ya kisanduku cha korongo nimeandika habari za Kinthup, na nilitaka jina lake lionekane kwa herufi kubwa kuliko la ofisa yeyote. Karne ya 19 wachora ramani hawakuwa na hakika maji ya Tsangpo yanatokea wapi. Walikuwepo waliouunganisha na Irrawaddy wa Burma. Mwaka 1880 idara ya upimaji ya serikali ya Kiingereza nchini India ilimtuma Kinthup, mtu wa Sikkim asiyejua kusoma wala kuandika, afuatane na lama (mtawa wa Kibuddha) mmoja, waufuate mto, na wakishindwa kupenya watupe magogo yenye alama ili yaangaliwe Assam. Lama alimuuza Kinthup utumwani akaenda zake. Kinthup alitoroka, akapata hifadhi kwa mkuu wa nyumba ya watawa, akaomba ruhusa za kwenda kuhiji, na kwa ruhusa hizo akaandaa magogo 500 na kwenda hadi Lhasa kutuma barua ya kutaja siku za kuyatupa. Akayatupa, 50 kwa siku. Barua haikumfikia mhusika kwa wakati na hakuna aliyekuwa akiangalia mto. Alirudi 1884. Mwaka 1913 maofisa wa Kiingereza Bailey na Morshead walipopita huko, maelezo yake mengi yakaonekana kuwa sahihi.

Mtu ambaye alikwisha kuuzwa, na bado akarudi mtoni kumaliza kazi aliyotumwa! Ningeweza kuijaza ramani nzima kwa habari zake.

27 Aprili 2025. Assam: mto usio na kingo

Siang unapokutana na Dibang na Lohit upande wa Sadiya, ndipo jina Brahmaputra linapoanza, na ndipo kompyuta inaposhindwa kwa namna nyingine. Uwanda wa Assam ni tambarare. Kila pikseli inampa maji jirani mmoja tu, kwa hiyo programu haiwezi kuchora mto unaogawanyika na kuungana tena. Brahmaputra ya Assam inafanya hivyo mwanzo hadi mwisho: mikondo mingi, mafungu ya mchanga katikati, upana unaozidi kilomita 10 sehemu nyingine. Kwenye mji wa Guwahati, kati ya vilima vya mawe, unabanwa hadi karibu kilomita 1.2. Kwenye ramani yangu Guwahati haifiki milimita moja, na kwingine ni milimita saba. Mstari mmoja hauwezi kusema hayo.

Nimeacha mtiririko nikatumia maji yenyewe. Maji humeza mwanga wa infraredi ya karibu (usioonekana kwa macho) na kurudisha kiasi cha kijani, kwa hiyo ukilinganisha kanda hizo mbili za mwanga kwenye picha za Sentinel-2 unapata maji peke yake. Mchanga mbichi nao huhesabiwa kama maji ukilegeza kiwango, na kivuli cha mlima vilevile, basi hesabu hiyo itumike uwandani tu. Kwa Agosti, mawingu yakiwa yametanda, nilitumia rada ya Sentinel-1: inapenya wingu, na maji tulivu yanatokea meusi. Ramani sasa ina buluu ya kukolea kwa mto wa Januari na buluu nyepesi kwa mto wa Agosti. Picha hizi zilinunuliwa bando jingine, TSh 30,000.

Kuhakiki kama tabaka zimekaa sawasawa nilitumia madaraja, kwa sababu kingo zinahama na daraja halihami: Saraighat pale Guwahati, Bogibeel (kilomita 4.94, lilifunguliwa Desemba 2018), na Dhola–Sadiya juu ya Lohit (kilomita 9.15, Mei 2017).

Kisiwa cha Majuli kilihitaji uangalifu wa pekee. Tabaka la mipaka nililopakua lilikuwa na Majuli ya zamani, kubwa kuliko ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa kilizidi kilomita za mraba 800. Mwaka 2014 kilikuwa karibu 350. Mmomonyoko wa kingo zake uliongezeka baada ya tetemeko la 15 Agosti 1950, la ukubwa wa 8.6, lililoangusha milima na kujaza mito udongo. Mto Subansiri ulizibwa na maporomoko hayo, na kizuizi kilipopasuka baada ya siku nane wimbi lake liliua zaidi ya watu 500. Nimechora Majuli kwa ukingo wa Januari 2025 na kuandika mwaka huo kando yake. Ramani ya kisiwa hiki isiyo na mwaka haimfai mtu.

Mito mingine ya Assam: kaskazini Subansiri, Jia Bharali, Manas na Sankosh, inayotoka kwenye theluji na mvua za Himalaya, kusini Burhi Dihing, Dhansiri na Kopili.

Watu wataniuliza urefu. Vitabu vingi vinasema kilomita 2,900 hivi. Watafiti wa Chuo cha Sayansi cha China, kwa picha za setilaiti, walitoa 3,848 mwaka 2011. Kipimo hubadilika kwa chimbuko unalolichagua, kwa mkondo unaoufuata uwandani, na kwa urefu wa rula: ukipima kila kona mto unarefuka. Nimeandika zote mbili.

1 Juni 2025. Bangladesh na ramani ya Rennell

Kaskazini mwa Bangladesh mto unagawanyika. Mwingi unashuka kusini kama Jamuna, mkono mdogo unaelekea kusini-mashariki kupitia Mymensingh na kuitwa Brahmaputra ya Kale. Kompyuta ilimwaga kila tone upande mmoja. Mikono hii nimeichora yote kwa mkono, kisha nikaipa unene kwa upana wa maji ya Januari.

James Rennell, mpima ramani Mwingereza aliyepima Bengal kuanzia 1764, aliuchora mto ukipita mashariki ya miinuko ya Madhupur. Leo unapita magharibi yake. Mafuriko ya 1787 ya Teesta, mto mwingine unaotoka Himalaya, yaliuhamisha Teesta wenyewe kutoka upande wa Ganges ukaingia Brahmaputra, na kufikia miaka ya 1830 mto mkuu ulikuwa umekwisha kuhamia njia ya Jamuna. Nilitaka njia ya Rennell ionekane kwa mstari wa kahawia.

Kuioanisha ramani yake na ya leo kuligoma mwanzoni, kwani miji ya kingoni niliyoishika kama alama imehama au imeliwa na mto. Nilipobaki na alama za mahali pagumu, kama Goalpara penye kilima cha mawe na mji mkongwe wa Dhaka, ilikaa vizuri.

Chini ya hapo Jamuna unakutana na Padma, yaani Ganges, pale Goalundo, na wote wawili wanaingia Meghna karibu na Chandpur.

2 Agosti 2025. Mabwawa na chapa ya kwanza

Nilikuwa nimeweka alama ya bwawa la umeme la Zangmu la megawati (MW) 510 kwenye Tsangpo nikadhani tabaka hilo limeisha. Julai hii China imetangaza kuanza ujenzi wa mradi wa Medog, kwenye korongo lenyewe, unaokusudiwa kuwa na MW 60,000. Hakuna mkataba wa kugawana maji ya mto huu baina ya China, India na Bangladesh, na mamilioni ya wakulima walio chini ya korongo wanategemea maji hayo na tope lake. Nimeuweka kwa alama ya ujenzi, bila mpaka wa ziwa, maana ziwa bado halipo.

Chapa ya majaribio ya A3 kwenye karatasi, kurasa mbili kwa TSh 6,000, ilikuwa safi. Bango la fleksi (turubai la plastiki la mabango) la TSh 18,000 halikufaa: wino husambaa kidogo kwenye fleksi, mistari ya milimita 0.2 ya vijito ikapotea, na buluu ikageuka zambarau. Nimeinua unene wa chini hadi milimita 0.5, nikapunguza wekundu kwenye buluu, na safari hii niliomba kipande cha majaribio kwenye fleksi ileile kabla ya bango zima. Bango la pili TSh 18,000.

23 Agosti 2025. Ilipofikia

Ramani iko ukutani, na mbao za juu na chini zimegharimu TSh 8,000. Jumla ya matumizi yote ni TSh 195,000, kati yake diski na mabando ni TSh 145,000. Mwenye diski na intaneti ya kazini anaweza kuipata kwa TSh 50,000.

Wanafunzi wa kidato cha tatu waliifuata kwa kidole kutoka Angsi, na wengi waliishia kwenye kisanduku cha korongo. Wamenionyesha upungufu mmoja wa kweli: Bhutan haina jina la mto hata mmoja, ingawa Manas na Sankosh zinashuka kutoka huko. Toleo lijalo litaanzia hapo, na baada ya monsuni nitachora upya ukingo wa Majuli kwa picha za Januari 2026.